Taa za gari zilizofifia: Jinsi ya kuzirejeshea mwangaza nyumbani

WENYE magari wengi huligundua tatizo hili usiku, tena wakiwa safarini. Barabara waliyoizoea huonekana nyeusi kuliko zamani, mashimo hujitokeza gurudumu likiwa limekwisha kuingia, na mtembea kwa miguu aliyevaa nguo za rangi ya giza huonekana akiwa hatua chache tu mbele ya bampa.

Jambo la kwanza wanalofanya ni kulaumu balbu. Hununua mpya zenye nguvu zaidi, na wengine hata hubadilisha betri, lakini giza hubaki pale pale. Aghalabu kosa huwa si la balbu wala la betri, bali la kile kifuniko cha plastiki kilicho mbele ya taa, ambacho baada ya miaka kadhaa juani huingia ukungu na kugeuka rangi ya manjano.

Ukungu huo unaweza kuondolewa nyumbani kwa muda wa saa chache, kwa kutumia vifaa vinavyopatikana katika maduka ya rangi na ya vipuri. Hata hivyo, kazi hiyo ina sehemu mbili, na wengi huijua moja tu. Kung'arisha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuipa plastiki kinga mpya dhidi ya jua, na anayeiacha hurudi alikotoka baada ya muda mfupi, pengine akiwa na taa mbaya kuliko za mwanzo.

Kutoka kioo hadi plastiki

Magari ya zamani kama vile Peugeot 504 yalikuwa na taa zilizofunikwa kwa kioo halisi. Kioo hakigeuki manjano. Kinaweza kupasuliwa na jiwe, lakini kikipanguswa vyema hurudia weupe wake hata baada ya miaka 30.

Plastiki inayotumiwa siku hizi huitwa polikaboneti. Iligunduliwa mwaka wa 1953 na wanakemia wawili, kila mmoja akifanya utafiti wake kivyake: Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer nchini Ujerumani na Daniel Fox wa General Electric nchini Marekani. Mwaka wa 1983, Marekani iliruhusu taa za plastiki zilizoundwa kufuata umbo la gari, na Lincoln Mark VII ya mwaka wa 1984 ikawa ya kwanza kuundwa nchini humo ikiwa na taa za aina hiyo.

Watengenezaji walikuwa na sababu nzuri za kuikumbatia plastiki hii. Uzani wake ni takriban nusu ya ule wa kioo, haivunjikivunjiki ikigongwa na changarawe, na inaweza kufinyangwa kwa umbo lolote.

Lakini polikaboneti ina udhaifu wa aina mbili. Kwanza ni laini, hivyo hukwaruzika kwa urahisi. Pili haistahimili miale ya urujuanimno, ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho ambayo pia huchoma ngozi na kufifisha rangi ya nguo. Kwa sababu hiyo, kila taa hutoka kiwandani ikiwa imepakwa utando mwembamba, mgumu na angavu. Utando huo ndio ngao yake.

Kadiri miaka inavyosonga, jua, vumbi, mchanga unaorushwa na magurudumu ya magari mengine na sabuni kali huula utando huo polepole. Ukishachakaa, miale hufikia plastiki yenyewe na kuvunja viungo vya kemikali vinavyoishikamanisha. Uso wa taa hugeuka manjano, hukauka na kujaa nyufa ndogo sana. Sehemu ya juu ya taa, ile inayotazama angani, ndiyo huharibika kwanza.

Kenya ina mazingira yanayoharakisha uharibifu huo. Ikweta inapita katikati ya nchi, na jua hupiga karibu wima kwa sehemu kubwa ya mwaka. Katika miji ya nyanda za juu kama vile Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na huchuja miale kidogo kuliko katika maeneo ya pwani. Isitoshe, magari mengi yanayosajiliwa nchini huwa yametumika kwingine, hasa Japani. Kanuni za Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, huruhusu gari ambalo umri wake haujazidi miaka minane. Maana yake ni kwamba gari linapotua bandarini Mombasa, utando wa taa zake huenda tayari umepigwa na jua kwa miaka saba.

Hatari yenyewe

Mwaka wa 2018, chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilichapisha matokeo ya uchunguzi kuhusu taa zilizochakaa. Kilibainisha kuwa taa zilizoingia ukungu na umanjano zilitoa takriban asilimia 20 tu ya mwangaza wa taa mpya zilipowashwa katika mwanga wa chini. Taa hizo zilipokarabatiwa, mwangaza ulipanda hadi takriban asilimia 70.

Hesabu ya barabarani huonyesha uzito wa tofauti hiyo. Gari linaloenda kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva aliye makini huhitaji kama sekunde moja na nusu kati ya kuona kizuizi na kukanyaga breki, na kufikia hapo amekwisha kwenda mita 33. Breki nazo, barabara ikiwa kavu na magurudumu yakiwa mazuri, huhitaji zaidi ya mita 30 nyingine kulisimamisha gari. Dereva ambaye taa zake zinamwonyesha mita 40 pekee hawezi kusimama kwa wakati, hata awe hodari namna gani.

Anayelipia upungufu huo mara nyingi si yeye. Watembea kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi miongoni mwa watu wanaofariki katika ajali za barabarani nchini Kenya, na wengi hutembea kandokando ya barabara zisizo na taa wala vijia vya miguu.

Ukungu huo pia huwaumiza madereva wengine. Taa nzuri huelekeza mwanga barabarani na kuacha giza juu ya mstari fulani, ili anayekuja upande wa pili asimulikwe machoni. Plastiki iliyochakaa huutawanya mwanga kila upande. Matokeo yake ni kwamba barabara haimulikwi ipasavyo ilhali dereva wa gari linalokuja anapofushwa. Ndiyo sababu kuweka balbu kali zaidi nyuma ya plastiki yenye ukungu huongeza mwako machoni mwa wengine bila kumsaidia sana mwenye gari.

Kupima kabla ya kuanza

Si kila taa iliyofifia inaweza kuponywa kwa kusuguliwa. Kipimo rahisi ni maji. Taa ioshwe, ikaushwe, kisha imwagiwe maji safi huku ikitazamwa. Ikiwa ukungu unatoweka plastiki inapolowa na kurudi inapokauka, basi uharibifu uko nje na kazi hii itafaa.

Ikiwa ukungu haubadiliki hata taa ikilowa, huenda uko ndani. Matone ya maji yanayoonekana ndani ya taa ni dalili kwamba mpira wa kuzuia maji umechakaa au kifuniko kimepasuka. Taa ya namna hiyo sharti ifunguliwe, ikaushwe na kuzibwa na fundi. Vilevile, nyufa zilizoingia ndani ya plastiki na kung'aa kama utando wa buibui jua linapozipiga haziondoki kwa msasa. Kipioo cha ndani kinachorudisha mwanga nacho kikiwa kimebabuka au kuungua, hakuna usuguaji wa nje utakaokirekebisha. Katika hali hizo, dawa ni kubadilisha taa nzima.

Vifaa vinavyohitajika

Kwa taa mbili, mwenye gari atahitaji karatasi za msasa wa maji za namba 800, 1000, 1500, 2000 na 3000. Namba ikiwa kubwa, msasa huwa laini zaidi. Atahitaji pia ndoo mbili za maji safi, sabuni ya maji isiyo kali, utepe wa karatasi unaotumiwa na mafundi wa rangi, dawa ya kung'arisha rangi ya gari ambayo mafundi huiita kompaundi, vitambaa laini visivyoacha nyuzi, na spiriti ya kusafishia.

Kifaa cha mwisho, ambacho wengi husahau kukinunua, ni dawa ya kinga. Inaweza kuwa ya kupakwa kwa kitambaa au vanishi angavu ya magari ya kunyunyiziwa, mradi maandishi ya kifurushi yaeleze bayana kwamba inazuia miale ya urujuanimno na inafaa plastiki. Asiyekuwa nayo asianze kazi.

Hatua kwa hatua

Gari liegeshwe kivulini, injini izimwe na taa ziachwe zipoe. Sehemu yote ya mbele ioshwe kwa sabuni, kwani chembe moja ya mchanga iliyobaki itachora mikwaruzo mirefu mara msasa utakapopita juu yake. Baada ya kukausha, boneti, bampa na bawa la gari vibandikwe utepe wa karatasi kuzunguka taa, tabaka mbili au tatu. Msasa hauchagui, ukiteleza utakula rangi ya gari.

Karatasi za msasa zilowekwe majini kwa dakika kumi, maji yakiwa na matone machache ya sabuni. Taa iliyoharibika sana ianzwe kwa namba 800, na iliyofifia kidogo ianzwe kwa namba 1000. Msasa usuguliwe kwa mkono ulionyooka, kutoka kushoto kwenda kulia, bila kukandamiza kwa nguvu. Uso wa taa uwe umelowa wakati wote. Msasa mkavu hupasha plastiki joto na kuacha mikwaruzo mizito.

Mwanzoni maji yatakayotiririka yatakuwa ya manjano. Huo ndio utando wa zamani na plastiki iliyokufa. Kusugua kuendelee hadi maji yatoke meupe na uso wote wa taa uwe na ukungu unaolingana, usio na mabaka. Baka linalong'aa katikati ya ukungu ni mabaki ya utando wa kiwandani, na likiachwa litaonekana hata baada ya kazi kwisha.

Hapa ndipo wengi hushtuka, kwa sababu taa huonekana mbaya kuliko ilivyokuwa. Hiyo ni hali ya kawaida. Kila msasa unaofuata kazi yake ni kufuta mikwaruzo iliyoachwa na uliotangulia.

Taa isuuzwe, maji ya ndoo yabadilishwe, kisha msasa wa namba inayofuata utumike kwa mwelekeo tofauti: kama wa kwanza ulikwenda kushoto na kulia, wa pili uende juu na chini. Kwa njia hiyo mikwaruzo ya zamani huonekana wazi na mtu hujua ni lini imekwisha. Mpangilio huo uendelee kwa namba 1500, 2000 na 3000. Haraka haraka haina baraka, na anayeruka kutoka namba 800 hadi 2000 atasugua mchana kutwa bila kuifuta mikwaruzo ya kwanza.

Baada ya namba 3000, taa huwa na ukungu mwembamba kama wa pumzi juu ya kioo. Kompaundi kidogo itiwe kwenye kitambaa na kusuguliwa kwa mizunguko midogo hadi plastiki iwe angavu. Mwenye drili anaweza kuifunga sponji ya kung'arishia na kuiendesha kwa mwendo wa chini, lakini asiiache ikae mahali pamoja, kwani joto huweza kuiyeyusha plastiki.

Kinga: hatua isiyorukwa

Taa ikishafikia hapo hung'aa kama mpya, na kishawishi cha kufunga kazi huwa kikubwa. Ukweli ni kwamba wakati huo taa haina ulinzi wowote. Msasa umeondoa mabaki yote ya utando wa kiwandani, na polikaboneti tupu imeachwa ikitazamana na jua. Ikiachwa hivyo, ukungu hurudi upesi.

Taa ipanguswe kwa kitambaa chenye spiriti ili kuondoa mafuta ya kompaundi, kisha isiguswe kwa vidole. Dawa ya kinga ya kupakwa huwekwa kwa kitambaa safi, kwa mkupuo mmoja kutoka upande mmoja hadi wa pili, kila mstari ukigusana kidogo na uliotangulia. Isirudiwe ikiwa imeanza kukauka, kwani itaacha michirizi. Idadi ya tabaka na muda wa kukauka hufuata maelezo ya mtengenezaji. Gari lisinyeshewe wala kuoshwe kwa angalau saa 24, hivyo ni busara kuchagua siku isiyo na mawingu ya mvua.

Vanishi ya kunyunyiziwa iliyochanganywa na kigumishi hudumu zaidi kuliko dawa ya kupakwa. Hata hivyo, mvuke wake una kemikali zinazodhuru mapafu, na kitambaa puani hakitoshi kuuzuia. Kazi hiyo ni afadhali iachiwe fundi wa rangi mwenye barakoa maalumu ya kuchuja kemikali. Ikumbukwe pia kwamba vanishi huhitaji uso wenye ukwaru kidogo ili ishike. Kwa hivyo, anayepanga kunyunyizia vanishi hasugui hadi namba 3000 wala hatumii kompaundi kabla yake. Vanishi yenyewe ndiyo hujaza mikwaruzo midogo.

Nta ya kung'arishia gari nayo husaidia kidogo, lakini husafishwa na mvua na sabuni. Anayeitegemea peke yake sharti aipake mara kwa mara.

Njia za mkato

Dawa ya meno ndiyo maarufu zaidi. Kwa kuwa ina chembechembe laini za kusugulia, huweza kuondoa ukungu mwepesi, na kwa hivyo wanaoisifu hawasemi uongo. Kasoro yake ni kwamba haina kinga yoyote dhidi ya jua.

Dawa za kufukuza mbu na mafuta ya breki pia hutumiwa na baadhi ya watu. Vitu hivyo hulainisha uso wa plastiki na kuufanya uonekane angavu kwa muda, kisha uharibifu huendelea. Mafuta ya breki yakidondokea boneti hubabua rangi. Petroli, thina na asetoni ni hatari zaidi, kwani huifanya polikaboneti ipasuke nyufa nyingi ndogo zisizoweza kuondolewa.

Kuna pia wanaotumia kikombe cha kuchemshia kemikali na kuupulizia mvuke wake kwenye taa iliyopigwa msasa. Mvuke huo huyeyusha uso wa plastiki na kuulainisha kwa sekunde chache, jambo linalowavutia watazamaji. Baadhi ya kemikali zinazotumiwa kwa njia hiyo ni sumu zinapovutwa, hasa ndani ya gereji isiyopitisha hewa. Aidha, taa inayotoka hapo bado haijapata kinga dhidi ya jua.

Anayenunua gari lililotumika anapaswa kuwa macho. Taa zinazong'aa katika gari la miaka mingi huenda zilisuguliwa asubuhi hiyo hiyo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mnunuzi na aulize ikiwa taa zilikarabatiwa na ni kinga gani iliyopakwa, kisha azikague kwa karibu jua likiwa limezipiga ubavuni, ambapo mikwaruzo ya mviringo huonekana waziwazi.

Ukarabati una kikomo

Taa iliyokarabatiwa vyema haiwi sawa na mpya. Takwimu za AAA zinaonyesha kwamba hata baada ya kazi nzuri sehemu fulani ya mwangaza hukosekana. Ikiwa taa imekwisha kusuguliwa mara kadhaa, au balbu mpya haileti nafuu, kubadilisha taa nzima ni bora. Anayenunua taa iliyotumika katika maduka ya vipuri aikague kwanza, kwani aghalabu nayo imekaa juani miaka ile ile.

Kazi ikikamilika, gari liegeshwe mahali tambarare mbele ya ukuta usiku na taa ziwashwe katika mwanga wa chini. Mstari wa juu wa mwanga unapaswa kuonekana wazi, na taa zote mbili zilingane kwa kimo. Zisipolingana, au mwanga ukipanda juu ya kimo cha taa zenyewe, fundi azirekebishe. Taa ni miongoni mwa sehemu zinazoangaliwa gari linapopelekwa kukaguliwa.

Baadaye, kuegesha gari kivulini, kuliosha kwa sabuni laini badala ya ya unga, na kupaka upya dawa ya kinga mara umanjano unapoanza kuonekana upande wa juu wa taa kutarefusha maisha ya kazi hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta: tabaka jipya la kinga huchukua dakika chache kupaka, ilhali taa iliyoachwa hadi ukungu urudi huhitaji kuanzwa upya na msasa wa namba 800, na kila msasa hupunguza unene wa plastiki iliyobaki.